Jani na Vumbi: Chai Katika Nyanda za Kasulu na Kibondo

Asubuhi ya Unguja, ya Pemba au ya Lamu, mwenyeji humwuliza mgeni wake, "Umeshakunywa chai?" Na mgeni aliyekwisha kula muhogo kwa samaki wa kuchoma, akashushia uji, hujibu pasi na uongo wowote, "Nimekunywa, ahsante." Chai katika Kiswahili imekuwa jina la mlo mzima. Mtu hunywa chai kwa mkate wa kumimina, hunywa chai kwa mbaazi na mahamri, na pengine hunywa chai isiyokuwa na tone la chai ndani yake. Neno halikuishia hapo. Afisa anayeomba chai haombi cha kunywa, na kijana wa leo akimwambia mwenzake kuwa habari fulani ni chai, amemaanisha kwamba imetungwa.

Neno likipanuka kiasi hicho, kuna kitu hupungua humo ndani, nacho ni ladha. Tazama majina ambayo Waswahili wameipa chai isiyotiwa maziwa. Bara huitwa chai ya rangi. Visiwani huitwa mkandaa, kwa jina la ule mti wa pwani ambao gome lake hutoa rangi nyekundu ya kutilia ngozi na nyavu. Wengine husema sturungi. Majina mawili ya mwanzo yanasifu rangi, la tatu linasifu ukali, na hakuna hata moja linalouliza jani lilichumwa wapi, likakaushwa vipi, na kwa nini kikombe cha leo si sawa na cha jana. Pwani iliyobuni maneno ya pepo zake zote, na ya hatua zote za nazi kutoka kidaka hadi nazi kavu, imeridhika na chai moja, ikaizamisha katika iliki, mdalasini, karafuu na tangawizi.

Kuna mahali katika Tanzania ambapo historia imewalazimisha watu kuijua chai kwa njia nyingine, nao ni mbali na bahari kupita karibu pembe zote za nchi. Ni nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha, katika Kasulu na Kibondo. Jambo la ajabu ni kwamba nyanda hizo hazitajwi katika orodha ya mikoa mashuhuri ya chai. Atajaye chai ya Tanzania hutaja Mufindi, Njombe, Rungwe, Usambara na, kwa upande wa magharibi, Bukoba na Muleba. Kasulu na Kibondo hutajwa kwa asali, maharage, muhogo, tangawizi na kahawa. Chai iliwafikia Waha kwa miguu ya watu: waliotoka kwenda kuichuma kwa wengine, na waliokuja wakiwa wameiacha nyuma yao.

Kutoka Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, njia hupanda mpaka ikafika nyanda za kiasi cha meta 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hapo hewa ni ya ubaridi, michikichi ya ziwani imebaki chini, na migomba imechukua nafasi yake. Hii ndiyo Buha, nchi ya falme za Heru, Muhambwe, Buyungu na nyinginezo, zilizotawaliwa na wafalme walioitwa mwami. Vinywaji vyake vya zamani vinajulikana. Palikuwa na maziwa, yaliyokuwa na heshima kuliko vyote kwa kuwa ng'ombe ndiye aliyepima ukubwa wa mtu. Palikuwa na pombe ya ndizi na ya nafaka, ambayo bila ya hiyo hapakuposwa wala hapakupatanishwa. Na palikuwa na asali ya misitu ya miombo, iliyotiwa katika vinywaji na kuchukuliwa sokoni. Mwenye vitu hivyo vitatu hakuwa na haja ya jani la kigeni lililochemshwa.

Jani lenyewe lilikuwa limekwisha kukaribia. Jina lake lilitoka Uchina, likapita Uajemi na Bara Hindi, na kwa mkono wa wafanya biashara wa bahari likafika kwetu karibu bila ya kubadilika sauti. Misafara ya pwani ilikuwa imefika Ujiji kabla ya katikati ya karne ya 19, na Burton na Speke walipofika hapo mwaka 1858 walikuta Waarabu na Waungwana wameshajenga. Stanley naye, katika kitabu alichokitoa mwaka 1872 juu ya kuonana kwake na Livingstone mwaka uliotangulia, hakusahau kutaja birika la fedha, vikombe na visahani alivyovibeba kutoka pwani. Msomaji wa leo anaweza kucheka. Watu walikufa njiani kwa homa na kwa njaa, na mpagazi mmoja alikuwa amebeba kichwani vyombo vya chai! Lakini picha hiyo inaonyesha wazi chai iliingia kwa mlango gani. Iliingia ikiwa ni kitu cha mgeni mwenye mali, na aliyeichukua kichwani hakuwa ndiye aliyeinywa. Vilima vya Heru vilikuwa safari ya siku chache tu kutoka birika lile, na havikuonja chochote.

Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo Amani, katika Usambara Mashariki, mwaka 1902, chai ilikuwa miongoni mwa mimea waliyoijaribu. Mwaka 1904 ikapandwa Kyimbila, Rungwe. Kilimo chake cha biashara hakikushika kasi mpaka mwaka 1926, chini ya Waingereza, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia kikapanuka zaidi. Mashamba yalikuwa upande wa mashariki na wa kusini. Buha ilikuwa magharibi, na reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilikuwa imekwisha kuziunganisha pande hizo kwa njia ambayo haikuwapendeza Waha wengi.

Serikali za kikoloni ziliigawa nchi kama mtu anavyogawa kazi za nyumbani. Sehemu nyingine zilipewa mazao, nyingine zikaachwa zitoe watu. Kigoma ilitiwa katika fungu la pili. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha katika Kasulu na Kibondo ilikuwa haba, basi kijana akaondoka kuifuata ilipo. Walioandikwa kwa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu ya namba waliyopewa kila mmoja. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda idara yao ya kukusanya vibarua, iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU, na watu wa Kigoma walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa kwa wingi, wao na jirani zao wa Burundi. Wengi walikwenda kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro. Wengine walipanda juu, wakaingia katika mashamba ya chai ya Usambara, na hata leo ukizungumza na watu wa vijiji vilivyozunguka Amani, Kwamkoro na Bulwa, utakuta watu wanaojua kwamba babu yao alitoka Kigoma akiwa kijana na hakurudi.

Mkonge na chai havikumfunza mtu mambo sawa. Mkonge humchoma mtu na miiba, humpa vidonda, lakini hauna ladha. Mchuma chai huingia katika elimu ya vidole. Huchuma majani mawili machanga na kichomozo chake, wala si matatu, wala si jani gumu la chini. Hujua kwamba jani la baada ya mvua kubwa hukua upesi na huwa hafifu, na kwamba jani la msimu wa baridi huja polepole, dogo, lenye harufu. Jioni mizani hupima kilo alizochuma, na hulipwa kwa kilo hizo. Kilo nne na nusu hivi za jani bichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Kutoka kiwandani humjia harufu ya jani linalogeuka, harufu ambayo haisahauliki na aliyewahi kuisikia, kati ya tofaa lililoiva na nyasi iliyokatwa.

Alikuwa nayo harufu. Kikombe chake kilikuwa kitu kingine. Ili jambo hili lieleweke, yafaa kuingia kidogo kiwandani.

Chai zote, ziwe nyeusi, za kijani au nyeupe, hutoka katika mti mmoja. Tofauti ni kazi ya mikono na ya wakati. Jani likichumwa na kutiwa moto au mvuke mara moja, hubaki kijani, na maji yake huwa na ladha ya mboga changa. Likinyaushwa kwanza, kisha likasokotwa na kuachwa lipigwe na hewa mpaka ligeuke rangi ya shaba, ndipo likakaushwa, hupatikana chai nyeusi. Katika mtindo wa zamani jani husokotwa pole pole likabaki jani: likitiwa maji ya moto hujifungua, na mnywaji akitazama chini ya buli huliona lilivyokuwa mtini. Mwaka 1930, katika Assam, ilibuniwa mashine ambayo hulisaga, hulirarua na hulikunja jani likawa punje ndogo. Mtindo huo huitwa CTC. Hutoa rangi nzito kwa muda mfupi, hustahimili maziwa na sukari, na ndio uliotawala Afrika ya Mashariki. Kisha punje huchekechwa. Kubwa huenda fungu lake, ndogo fungu lake, na kile kinachopita katika matundu yote ya chekecheo huitwa kwa jina lake la haki: vumbi.

Vumbi si uchafu. Ni chai, na vumbi la shamba zuri hushinda jani la shamba baya. Lakini vumbi lina tabia moja: hutoa kila kilichomo mara moja. Kwa dakika mbili limekwisha kutoa rangi, ukali na uchungu, na halikuacha kitu cha kusubiri. Kwa watu wanaohesabu kuni na sukari, hiyo ni sifa kubwa, kwani kijiko kimoja hutosha sufuria ya watu wanane. Ndiyo sababu soko la ndani la nchi zetu lilizoeshwa chembe ndogo na za bei nafuu, huku sehemu kubwa ya chai, na yenye bei bora, ikipakiwa melini. Mchumaji kutoka Kasulu aliyejua kwa vidole vyake jani la namna gani ni bora, alirudi kibandani akanywa kilichopita matunduni. Hapo inafaa pwani nayo ijitazame. Iliki na mdalasini tunavyovisifu katika chai yetu vina uzuri wao, lakini je, havikuanza pia kama dawa ya kuficha ukali wa vumbi? Swali hilo halitawapendeza wote, na wapishi wa Unguja wana majibu yao.

Waliofundishwa kuionja chai kwa daraja walikuwa wachache, nao walikaa mbali na mashamba. Kazi yao inavutia. Meza ndefu hupangwa vikombe vyeupe, kimoja kwa kila shehena. Kwa kipimo kilichoandikwa na shirika la kimataifa la viwango mwaka 1980, gramu mbili za chai hutiwa kwa kila mililita 100 za maji yaliyotoka kuchemka, hufunikwa, na huachwa dakika sita. Kisha maji humiminwa bakulini na majani yaliyolowa hupinduliwa juu ya kifuniko yapate kutazamwa. Mwonjaji hutazama vitu vitatu: jani kavu, jani lililolowa, na rangi ya maji. Halafu huchota kwa kijiko na kuivuta kwa kishindo, ili chai ipae pamoja na hewa ifike kinywa chote na pua, kisha hutema. Mtoto wa Kiswahili akinywa hivyo mbele ya wageni hupigwa kofi. Mwonjaji hulipwa kwa kufanya hivyo, na huonja mamia kwa siku.

Waonjaji hao wana msamiati wao wa Kiingereza, na wengi huamini kuwa mambo hayo hayasemeki kwa lugha nyingine. Kiswahili kilikuwa na maneno hayo kabla ya mnada wowote. Ile hali ya chai kukaza ulimi na fizi bila ya kuwa chungu ni ukakasi, na mla korosho bichi au ndizi mbichi anaijua. Chai isiyo na uhai ni chapwa, au ni dufu. Iliyopata nguvu yake yote imekolea. Iliyopitiliza imekuwa kali. Tuna uzito, tuna wepesi, tuna ugwadu. Kilichokosekana ni vikombe viwili tofauti vilivyowekwa mbele ya mtu mmoja, apate haja ya kuyatumia maneno hayo.

Katika Buha vikombe hivyo viwili vilianza kukutana baada ya uhuru, na si kwa mpango wa mtu. Waliorudi kutoka manamba walirudi na mazoea ya huko, na chai ya asubuhi ilikuwa mojawapo. Kati ya mwaka 1972 na 1974 Operesheni Kigoma iliwahamisha watu kutoka katika makazi yao yaliyotawanyika vilimani, ikawaweka katika vijiji vya ujamaa, nyumba kando ya nyumba, barabara katikati. Mengi yamesemwa juu ya machungu ya kuhamishwa huko. Kwa upande wa jambo letu, kijiji kilileta duka, na duka lilileta pakiti. Mtu ambaye zamani alikuwa na mgomba mlangoni na mzinga msituni akajikuta mbali na vyote viwili, karibu na rafu yenye chumvi, sabuni, sukari na majani ya chai.

Rafu hiyo haikukaa imejaa. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bidhaa zilipotea nchi nzima, sukari na sabuni zikawa za foleni na za kibali. Msomaji wa makamo anaikumbuka miaka ile, bara na visiwani. Sukari ndiyo pazia la chai: ikiondoka, jani husimama uchi. Anayekunywa chai bila sukari kwa lazima hujifunza katika wiki moja yale ambayo mnywaji wa chai tamu hayajui kwa miaka 30, yaani kwamba pakiti hii ina ukakasi na ile ni chapwa, kwamba hii yafaa isichemshwe sana. Nyanda za Kibondo na Kasulu zilikuwa na faraja moja ambayo miji haikuwa nayo. Zilikuwa na asali. Asali haifichi kama sukari. Huleta harufu yake, ya maua ya miombo, ikakaa kando ya harufu ya jani.

Kikombe cha pili kilitoka magharibi, na kilikuja na machozi.

Burundi ni nchi ya vilima virefu, na chai yake hulimwa juu, sehemu nyingi zaidi ya meta 1,800, penye ubaridi wa kuifanya ikue taratibu. Chai ya Teza ilianza mwaka 1963. Mwaka 1971 serikali ilianzisha ofisi yake ya chai, na baada ya hapo majina ya Rwegura, Tora, Ijenda na Buhoro yakajulikana kwa wanunuzi. Rwegura na Teza zimepakana na msitu wa Kibira, na chai yao husifiwa kwa wepesi wake ung'aao. Wakulima wadogo waliipanda pembezoni mwa migomba yao, wakachuma, wakapeleka. Warundi na Waha wanasemezana bila ya mkalimani, kwani lugha zao ni ndugu wa tumbo moja, na mpaka uliowatenganisha ulichorwa na wasiojua lugha hata moja katika hizo mbili.

Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwasukuma watu kuvuka mpaka huo. Mwezi wa Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na wakavuka kwa mamia ya maelfu. Kibondo na Kasulu zikawa nchi ya kambi. Mwaka 1996 vita vya Kongo vilileta watu wa Kivu ya Kusini, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa katika Kasulu. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012, ikadhaniwa kuwa ukurasa umekwisha. Mwaka 2015 Burundi ikachafuka upya, Nyarugusu ikafurika, na Nduta na Mtendeli zikafunguliwa tena upande wa Kibondo na Kakonko.

Posho ya mkimbizi inajulikana: unga wa mahindi, maharage au kunde, mafuta, chumvi, na unga wa uji. Kwa kipimo cha mwenye kuhesabu chakula, posho hiyo ni mlo. Chai haimo. Haina nguvu ya kumjenga mtu, na anayepanga posho hana kosa kuiacha. Lakini kwa aliyetoka katika vilima vya Muramvya au Kayanza, ambako jani lilikuwa karo ya mtoto na bati la nyumba, kukaa bila chai ni jambo lisiloingia katika hesabu ya lishe. Basi alipima kikombe cha unga wake, akauuza, akanunua majani. Wapo walioliona hilo kuwa ni uzembe, kwamba watu wenye njaa wanauza chakula wanunue starehe. Hukumu hiyo ilitolewa, aghalabu, na watu waliokuwa wamekwisha kunywa chai yao asubuhi hiyo.

Masoko ya pamoja, ambako wakimbizi na wenyeji waliuziana, yakawa mahali pa kukutana kwa majani. Aliyepata kuijua chai ya Rwegura alionja pakiti ya dukani kutoka mashamba ya Kusini mwa Tanzania, akaikuta nzito, yenye rangi ya udongo, nzuri kwa maziwa. Mkongo wa Kivu alikuwa na kumbukumbu yake, kwani huko nako mashamba ya chai yalipandwa tangu enzi ya Wabelgiji. Mwenyeji wa Kasulu mwenye baba aliyetoka manamba alijua habari za Usambara. Watu hawa hawakuwa na meza ndefu wala vikombe vyeupe. Walikuwa na sufuria moja na kumbukumbu nne, na waliyokuwa wakibishania yalikuwa yale yale ya waonjaji wa mnada: rangi, uzito, ukakasi, harufu. Tofauti ni kwamba mwonjaji wa mnada hutaja bei, na hawa walitaja kijiji.

Kati ya mwaka 2018 na 2019 masoko hayo ya pamoja yalifungwa kwa amri, na biashara nyingi za kambini zikazuiwa. Mtendeli nayo ilifungwa mwaka 2021. Safari za kurejea Burundi zilikuwa zimeanza mwaka 2017, na wengi wakapanda mabasi. Walichokwenda nacho na walichokiacha hakikuandikwa katika fomu.

Wakati wote huo, chai ya vilima vya Burundi ilikuwa ikisafiri pia, kwa njia yake. Sehemu kubwa yake huuzwa katika mnada wa Mombasa, ule ulioanza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia pwani mwaka 1969, ambako chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Tanzania, Kongo na kwingineko hukusanywa pamoja. Gunia la Rwegura hufika kisiwani Mombasa, huonjwa, hupewa bei, hupakiwa, huondoka. Hupita mlangoni mwa Waswahili bila ya kubisha hodi. Pakistan, Misri na Uingereza zimekuwa wanunuzi wakubwa wa mnada huo, na huenda mnywaji wa Cairo anaijua chai ya Maziwa Makuu kuliko mtu wa Kibokoni aliye umbali wa mwendo wa miguu kutoka ghalani. Mwaka 2023 Tanzania nayo ilianzisha mnada wake Dar es Salaam, ili chai yake isilazimike kuvuka mpaka ndipo iuzwe. Hilo ni jambo jema kwa mkulima. Kama litabadilisha kilichomo katika pakiti ya duka la Kibondo, ni jambo jingine.

Tukirudi juu vilimani, kuna jambo la maji. Aliyezaliwa visiwani huonja chumvi ya kisima katika chai yake tangu utotoni, na hafahamu kuwa anaionja mpaka atoke. Maji hayo huizima chai nyepesi, na yanahitaji majani mengi na viungo vingi. Maji ya chemchemi za nyanda za Kigoma ni laini. Tena kwa sababu ya kimo cha nchi, huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kasulu huchemka kiasi cha nyuzi 96. Nyuzi nne si nyingi, lakini jani lililosokotwa zima huzihisi, na huhitaji kuachwa zaidi kidogo. Vumbi halijali.

Mtu akitaka kuyahakiki haya, hahitaji vyombo. Atafute majani ya aina tatu: jani zima la nyanda za juu za Burundi akilipata kwa mgeni aliyevuka Manyovu au Mabamba, punje za Usambara au Mufindi, na vumbi la pakiti ndogo ya dukani. Achemshe maji ya chemchemi, asichemshe majani. Atie kijiko kimoja katika kila kikombe, afunike kwa kisahani, asubiri. Anywe kwanza bila ya sukari, bila ya iliki, na asione haya kuvuta kwa kishindo ikiwa hakuna mgeni. Kikombe cha kwanza kitakuwa na rangi ya shaba iliyosuguliwa, na harufu itafika kabla ya ladha. Ukakasi wake ni mdogo, hukaa pembeni mwa ulimi ukaondoka. Cha pili ni kizito, chekundu, kinachojaza kinywa, nacho kinadai maziwa. Cha tatu ni cheusi tangu dakika ya kwanza, na uchungu wake hukaa kooni mpaka mtu ainue mkono kutafuta asali. Hicho cha tatu ndicho kinachonyweka kila asubuhi, Kasulu na Kibondo, Unguja na Lamu.